Muziga: Jina la Mti Katika Istilahi ya Kemia

Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi jina la mti wa msituni lilivyoingia katika kemia. Mti wenyewe kisayansi huitwa Warburgia ugandensis. Wakikuyu huuita muthiga, na jina muziga pia hutumika. Tangu jadi, watu hutafuna gome lake ili kutuliza maumivu ya meno, kikohozi na maumivu ya tumbo. Gome hilo huchoma ulimi mithili ya pilipili.

Ukali huo unatokana na viambato viitwavyo sesikwiterpini, vyenye atomu 15 za kaboni. Miongoni mwavyo ni poligodiali, warburganali na muzigadiali. Hivi viwili vya mwisho vilielezwa na wanakemia mnamo 1976 na 1977. Kila kimoja kina vikundi viwili vya aldehidi, ambavyo hushikana na protini. Maabarani, viambato hivi vilizuia kuvu kukua, na viwavijeshi walikataa majani yaliyopakwa.

Kimofolojia, warburganali humuenzi Otto Warburg, mwanabotania wa Ujerumani, ilhali muzigadiali limehifadhi jina muziga; kipande -diali chaashiria aldehidi mbili.

Hata hivyo, anayebambua gome kuuzunguka mti wote huuangamiza. Majina nayo hupotea vivyo hivyo, wazee wanaoyajua wanapotutoka. Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyakusanya majina ya mimea ya kwao pamoja na matumizi yake, kwani istilahi za kesho zaweza kuchipuka humo.