Ujira wa Shahidi Si Udhuru Wetu

Ndugu zetu Waislamu, mwanamke afaye kwa uzazi huhisabiwa shahidi. Lakini ujira huo ni wake. Si udhuru wetu sisi tuliomchelewesha.

Damu imtokayo mzazi baada ya kujifungua, ikizidi nusu lita, ni hatari. Ikiwa nyingi yaweza kumuua kwa muda wa saa mbili. Sindano ya oksitosini, apigwayo mara tu mtoto azaliwapo, huipunguza hatari hiyo, nayo yapatikana hospitali. Lakini huku nyumbani wangali wakingoja idhini ya mume aliye safarini!

Basi kila mume na atoe idhini yake mapema, aweke nauli, na aagane na mwenye gari. Mkunga wa mtaa naye afuatane na mzazi hadi hospitali. Tawakali hufuata juhudi, haiitangulii.

Wabillahi taufiki.