SAFARI YA NDEGE: UMBALI, MUDA NA IBADA

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Wengi wetu wa Karagwe na Kyerwa tukienda Dar es Salaam kwa ndege hupandia Bukoba. Swali tunaloulizwa ni hili: ndege inafika upesi na msafiri hachoki, je, bado anapunguza sala?

Tuanze na hesabu. Angani, Bukoba hadi Mwanza ni kama kilomita 175, na Mwanza hadi Dar es Salaam kama kilomita 850. Ndege ya pangaboi ikienda kilomita 500 kwa saa, tunapata: 175 ÷ 500 × 60 = dakika 21. Lakini safari hiyo huchukua kama dakika 40, kwani ndege hutembea kwanza ardhini, hupanda, kisha hupunguza mwendo ili itue.

1. KUPUNGUZA SALA
Ruhusa hii imetajwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 101. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kipimo ni marhala mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kilomita 80 hadi 90. Kinachopimwa ni umbali, si muda wala uchovu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa anayesafiri baharini akaukata umbali huo kwa saa moja tu, anapunguza. Na ndege ni vivyo hivyo.

Tena, Kayanga hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100. Basi mtu wetu huwa msafiri tangu anapoutoka mji wake, kabla hajaiona ndege. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Akinuia kukaa anakokwenda siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, atatimiza sala zake tangu afikapo.

2. KUFUTURU
Saa zetu na za Dar es Salaam ni moja, lakini jua si moja. Dar iko mashariki yetu kwa nyuzi 8 hivi, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Kwa hiyo jua likizama Dar saa 12:25 jioni, kwetu huzama karibu saa 12:55, ikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Anayefuturu Karagwe kwa adhana ya Dar iliyosikika redioni amekula mchana, na siku hiyo atailipa. Vilevile mfungaji aliye angani asifuate saa ya mji alikotoka wala ya mji ulio chini yake. Madhali analiona jua dirishani, bado hajafuturu.

Basi tushike mambo mawili: kupunguza sala kunafuata umbali, na kufuturu kunafuata jua la pale ulipo.

MASWALI
1. Kwa kasi ileile, kilomita 850 ni dakika ngapi?
2. Msafiri wa Kayanga anaswali Magharibi rakaa ngapi?
3. Kwa nini hatufuturu kwa adhana ya Dar?

Wabillahi Tawfiq.