Tumbo la Mtoto na Vijidudu Vyake
Kijitabu kwa wazazi na walezi wa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei

Mbwa mzuri wa boma humjua mwenyeji, humzoea mgeni aliyekaribishwa, na fisi akikaribia hubweka. Mbwa anayebwekea kila kitu, hata kuku, ni taabu: watu hawalali na yeye mwenyewe anakonda. Utumbo wa mtoto wako nao una walinzi wa namna hii.

Walinzi na wageni wao

Sehemu kubwa ya kinga ya mwili imekita kambi tumboni, kwa kuwa huko ndiko hupita kila kinachoingia mdomoni. Humo humo wanaishi bakteria kwa matrilioni. Wengi hawana ubaya: humalizia kusaga vyakula vinavyotushinda, hutengeneza baadhi ya vitamini, na hukalia nafasi ambayo wabaya wangeitaka. Kati yao na ukuta wa utumbo kuna ute mzito, mfano wa uzio wa miiba. Ukuta wenyewe ni tabaka moja tu la seli, na nyingi hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Nyuma yake kinga hutoa kingamwili iitwayo IgA, ambayo huwanasa vijidudu wasifike ukutani, wakatoka na kinyesi.

Mtoto huzaliwa na walinzi ambao bado hawajafunzwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yamejaa IgA ya mama, kwa hiyo anayeikamua na kuimwaga anamnyima mtoto ulinzi wa kukopeshwa. Maziwa ya mama pia yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Hizo ni chakula cha bakteria wema wake. Mnyonyeshe maziwa yako peke yake miezi 6. Na kwa anayeuliza kama joto la Lodwar linamfanya mtoto ahitaji maji: hapana, hahitaji, maziwa yako yana maji ya kutosha.

Mbwa asiyelala

Tazama asubuhi moja kando ya laga ya Tarach. Mama amechimba shimo mchangani, anachota kwa kikombe, anajaza mtungi. Mbuzi wamekunywa hapo hapo. Nyumbani maji yanamiminwa kwenye ndoo isiyo na kifuniko, na kila mwenye kiu anatumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake. Mdogo anatambaa, anaokota kipande cha kinyesi cha mbuzi, anakionja.

Huenda asiharishe hata kidogo. Lakini uchafu ukiingia hivyo kila siku, walinzi hawapumziki. Utumbo unavimba ndani kwa ndani, vijidole vya ukuta wake vinavyofyonza chakula vinafupika, ukuta unaanza kuvuja. Mtoto anakula wala haongezeki. Jirani atasema ni jicho la watu. Mama atasema mgao hautoshi, na mara nyingi ni kweli hautoshi. Lakini hata kile kidogo alichokila, tumbo lililochoka halikitumii chote. Uchovu huu wa utumbo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za chanjo za matone, kama ile ya rota inayotolewa Kenya tangu Julai 2014, kufanya kazi kwa nguvu pungufu penye uchafu mwingi. Hata hivyo huokoa maisha. Mpeleke achanjwe.

Kifuniko cha ndoo

Aprili 2005 kipindupindu kilizuka kambini Kakuma. Zaidi ya watu 400 waliugua, 4 wakafa. Wachunguzi walipolinganisha waliougua na wasiougua, waliona kwamba waliohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa walikuwa salama zaidi. Waliochangia choo na kaya 3 au zaidi walikuwa hatarini zaidi. Choo cha peke yako hakipatikani kwa siku moja. Kifuniko kinapatikana leo.

Kama maji, maziwa nayo yanataka uangalifu: ya mbuzi au ngamia, chemsha kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Kuganda peke yake hakutoshi kuua vijidudu vya ugonjwa wa brusela.

Akiharisha

Usikimbilie antibiotiki za dukani. Kuhara maji maji kwa kawaida hakuzihitaji, nazo huwaua bakteria wema pamoja na wabaya. Mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ukiikoroga kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Endelea kunyonyesha na kumlisha.

Ukiona damu kwenye kinyesi, macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, nenda kituo cha afya hapo hapo. Usingoje kukuche.