Nani Aliyeipasha Dunia Joto? Kauli za Vitenzi na Mgao wa Lawama, kwa Mfano wa Ronge

Utangulizi

Mjadala kuhusu dhima ya binadamu katika ongezeko la joto duniani umeandikiwa mengi na wanasayansi, wanauchumi na wanasiasa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeuacha utupite kana kwamba hautuhusu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba sehemu ya mjadala huo ni yetu, kwa kuwa imejificha ndani ya viambishi. Swali la iwapo binadamu ndiye aliyelipandisha joto limekwisha kujibiwa na sayansi. Swali la ni binadamu yupi ndilo lingali linabishaniwa, na Kiswahili chetu rasmi, jinsi kinavyotumika katika hotuba, vitabu vya shule na taarifa za habari, hulijibu kimyakimya na kwa upendeleo. Humtaja mkata miti na mchoma makaa kwa jina la kazi yake, lakini mwenye mtambo humwachia kitenzi kisicho na mtenda.

Mfano wetu ni Ronge, katika eneo la Mwatate, kaunti ya Taita Taveta. Hatukuichagua kwa sababu imeharibika kuliko kwingine. Tumeichagua kwa kuwa pande zote mbili za kesi hii zinaonekana pale pale mlimani.

Ronge mbili

Wenyeji hutofautisha Ronge Juu na Ronge Nyika, na majina hayo peke yake ni somo la jiografia. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, na ndiyo sehemu pekee ya safu hiyo iliyo ndani ya Kenya. Kilele chake, Vuria, kina mita 2,208, ilhali mji wa Voi uliopo tambarare una takriban mita 600. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukwea milima hiyo, hupoa na kugeuka ukungu. Majani na kuvu za miti ya asili huunasa ukungu huo na kuudondosha chini hata siku ambazo mvua haikunyesha. Maji ya juu ndiyo tegemeo la chini. Kwa hiyo mkulima wa Nyika ana haki ya kuuliza kinachotendeka Juu, na wote wawili wana haki ya kuuliza kinachotendeka mbali zaidi, mahali ambapo hawatafika kamwe.

Mvua za vuli na za masika zinapokosekana, lugha ya kawaida huwa na misemo yake: mvua imekataa, mvua imegoma, mbingu zimefunga, ukame umeingia. Tazama, msomaji, kwamba katika kila sentensi mtenda ni mvua, mbingu au ukame wenyewe. Binadamu hayumo. Hatusemi kwamba wasemaji hawajui mengine. Tunasema kwamba sarufi ya mazoea haiwalazimishi kuyasema.

Kauli ya kutendeka na jina lisilo na mwenyewe

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba "kikombe kimevunjwa na mtoto" ni sentensi sahihi, ilhali "kikombe kimevunjika na mtoto" haikubaliki. Kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi ya kutajwa, hata akiachwa. Kauli ya kutendeka humfungia mlango. Sasa tuziangalie istilahi zetu mbili kuu. "Ongezeko la joto" limetokana na kuongezeka. "Mabadiliko ya tabianchi" yametokana na kubadilika. Zote mbili zina shina la kutendeka. Joto limeongezeka; tabianchi imebadilika; kikombe kimevunjika. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayohusu jambo hili huitwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na anayetaka kumrejesha mtenda hulazimika kuongeza kishazi kizima: mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu. Kishazi hicho ndicho cha kwanza kukatwa nafasi inapokuwa finyu gazetini.

Neno "tabianchi" lenyewe linastahili kutupiwa jicho. Tabia ni mwenendo wa mtu, tena ule uliokwisha kukomaa. Anayesema tabia ya nchi imebadilika huipa nchi mwenendo wake, na sikio linaweza kudhani kwamba nchi ndiyo iliyoharibika adabu.

Upande wa pili kuna nomino hizi: ukataji wa miti, uchomaji wa makaa, uchafuzi wa mazingira, ulishaji wa mifugo kupita kiasi. Zimeundwa kwa vitenzi vya kutenda, na kila moja ina ndugu yake aliye hai: mkataji, mchomaji, mchafuzi, mlishaji. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu mazingira huanza na "ongezeko la joto" lisilo na mwenyewe, kisha aya ya pili humshukia mchoma makaa. Hakufundishwa chuki. Amefuata njia iliyokwisha kulimwa na istilahi.

Hata "hewa ukaa", jina tulilozoea katika habari za biashara ya kaboni, lina mwangwi wa makaa. Biashara hiyo inajulikana Taita Taveta: mradi wa Ukanda wa Kasigau, unaohifadhi msitu wa nyika, ulikuwa wa kwanza duniani kupata hati za kaboni za aina yake chini ya kiwango cha VCS mwaka 2011. Anayesikia ukaa hufikiria gunia lililosimamishwa kando ya barabara. Hafikirii mafuta ya ndege, wala makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Uingereza tangu karne ya 18. Haya ni maoni ya mwandishi kuhusu sikio la msomaji. Asili ya istilahi ni suala jingine.

Pingamizi moja ni la haki. Tunasema "mabadiliko ya katiba" na hakuna anayedhani katiba ilijibadilisha. Ni kweli: umbo halikanushi kuwapo kwa mtenda. Hata hivyo katiba tunawajua wanaoibadilisha, tuliwaona wakipiga kura. Pale ambapo mtenda hajulikani au anabishaniwa, umbo lisilomtaja huegemea upande mmoja wa ubishi.

Ushahidi wa sayansi

Wanasayansi nao wamepimana nguvu na maneno yao. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), lililoundwa mwaka 1988, lilisema mwaka 1995 kwamba mkono wa binadamu unaanza kutambulika. Mwaka 2001 likasema yaelekea binadamu ndiye chanzo cha sehemu kubwa ya joto la miongo ya karibuni. Mwaka 2007 likatia uzito, kwa uwezekano wa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2013 zaidi ya asilimia 95. Na mwaka 2021 likaondoa mashaka kabisa. Msomaji wa fasihi atazitambua hatua hizo: ni masimulizi ambamo msimulizi anamsogelea mhusika polepole hadi anamtaja. Wakati huohuo kabonidioksaidi hewani imepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa kila milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto kuzidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5.

Mzee wa Ronge anaweza kujibu kwamba ukame haukuanza leo, na ana hoja. Njaa iitwayo Mwakisenge iliwaangamiza Wataita wengi katika miaka ya 1880, kabla ya lori la kwanza kupita Voi. Hakuna mwanasayansi anayelikanusha hilo. Wanachopima ni uwezekano. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika Pembe ya Afrika kuanzia mwishoni mwa 2020, na mwaka 2023 kundi la World Weather Attribution lilikadiria kwamba joto lililoletwa na binadamu liliongeza uwezekano wa ukame kama ule angalau mara 100. La Niña ilichangia, naam. Lakini La Niña ilikuwapo tangu zamani, na ardhi haikukauka kiasi hicho. Mwaka 2022 pekee, kati ya Februari na Oktoba, serikali ya Kenya ilihesabu tembo 205 waliokufa kwa ukame nchini.

Msitu uliobaki kwenye neno

Je, mkulima wa mlimani hana lake? Hapa ndipo kesi inapokuwa ngumu, na asiyetaka ugumu huu hutumbukia katika siasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, walioifanyia kazi Taita kwa miaka mingi, walilinganisha picha za angani za mwaka 1955 na 2004. Msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa takriban nusu. Lakini eneo zima lililofunikwa na miti lilipungua kwa asilimia 2 tu, kwa sababu misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni ilipandwa. Neno "msitu" halikupungua, ila kilichomo ndani yake kilibadilishwa. Na katika mabadiliko hayo mtenda si mkulima mwenye panga peke yake. Upandaji wa miti ya mbao ulikuwa sera ya idara za serikali, ya kikoloni na iliyofuata.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2024, ulichunguza misitu ya milimani barani Afrika kati ya 2003 na 2022. Palipokatwa msitu, joto la juu la mchana lilipanda kwa takriban nyuzi 1.4 na kitako cha mawingu kikainuka kwa takriban mita 236, kiasi kilichozidi athari ya mabadiliko ya tabianchi peke yake. Maana yake kwa Ronge ni nzito: wingu likipita juu ya miti, ukungu haunaswi. Kwa hiyo anayemwambia mkulima kwamba kila kitu kimetoka Ulaya na Marekani anamdanganya, sawasawa na anayemwambia kwamba panga lake ndilo lililoipasha dunia nzima. Katika hesabu ya kabonidioksaidi yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu mwanzo wa viwanda, Marekani ina takriban robo. Afrika nzima ina takriban asilimia 3.

Kuuliza "nani?"

Wataita walikuwa na desturi ya kuuliza swali la mtenda. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alieleza ibada ya kutasa: mtu hupuliza pombe au maji kutoka kinywani huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni. Balaa, ikiwamo ile ya mvua, lilihusishwa na hasira ya mtu, ya mzimu au ya mahali patakatifu, na kazi ya mwanzo ilikuwa kutambua hasira ni ya nani. Sambamba na hilo kulikuwa na fighi, vichaka vitakatifu visivyokatwa ovyo. Mahali pengine mlimani ndivyo vilivyobaki vya msitu wa asili.

Haifai kuipamba desturi hii kupita kiasi. Swali la "nani?" lina hatari yake, kwani linaweza kumwangukia jirani dhaifu, mzee asiye na wa kumtetea. Hicho hasa ndicho kinachompata mchoma makaa katika insha zetu: amekuwa jirani aliye karibu na kidole. Kutasa kulidai zaidi. Mwenye hasira alitakiwa atamke kwa kinywa chake mwenyewe. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi na kwamba kuuvunja kunaweza kuleta madai ya fidia. Kwa mara ya kwanza chombo hicho kililiweka jambo hili katika sentensi yenye mtenda.

Kuhusu istilahi

Je, tuunde nomino mpya, kwa mfano "upashaji joto wa dunia"? Ina ubora wa kudai "mpashaji". Kasoro yake ni kwamba ni ndefu, na kitenzi kupasha kimezoea chakula kilicholala na misuli ya mchezaji. Mwandishi haipendekezi iingie kamusini kesho. Linaloweza kufanyika sasa ni dogo zaidi: mwalimu anaposahihisha insha, aidai kauli ya kutendwa pamoja na "na" yake pale mwanafunzi alipoandika kutendeka, kisha waone pamoja ni jina gani linaloijaza nafasi hiyo. Utafiti unaofuata ungefaa uanzie katika insha za shule za Mwatate na Voi, kwa kuhesabu ni mara ngapi mtenda anatajwa, na akitajwa, anaishi umbali gani kutoka kwa mwandishi wa insha.