Gershomu na Eliezeri: Majina ya Watoto wa Ugenini

Somo: Kutoka 18:1-4, Mwanzo 35:16-20



Mama mmoja wa kanisa letu alijifungua njiani wakati tunakimbia vita, akamwita mtoto Mateso. Sasa mtoto anaanza shule, naye mama anatuuliza: "Mchungaji, je, nilimlaani mwanangu?" Tulitazame Neno.

1. Musa hakuficha ugeni wake
Musa alimkimbia Farao akakaa Midiani. Mwana wake wa kwanza alimwita Gershomu. Kwa Kiebrania "ger" ni mgeni, na "sham" ni huko. Kila alipomwita mtoto, alitaja ugeni wake. Hatusomi popote kwamba Mungu alimkemea kwa jina hilo. Kusema ukweli wa taabu si laana.

2. Musa hakuishia hapo
Mwana wa pili aliitwa Eliezeri: "Eli" ni Mungu wangu, "ezeri" ni msaada. Musa alikumbuka jinsi Mungu alivyomwokoa na upanga wa Farao. Basi katika nyumba moja, jina moja lilisema tuko ugenini, la pili likasema Mungu ametusaidia. Yusufu naye huko Misri aliwaita wanawe Manase, maana Mungu alimsahaulisha taabu, na Efraimu, maana alimpa kuzaa katika nchi alikoteseka (Mwanzo 41:51-52).

3. Yakobo alibadili jina
Raheli alijifungua safarini, karibu na Efrata. Akiwa katika kukata roho alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu. Lakini Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, yaani upande wa heshima. Hata hivyo hakumsahau Raheli. Alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake.

Basi, mama huyu hakumlaani mtoto. Akimwachia jina lake, ni vema, kama Gershomu. Akimpa lingine, ni vema, kama Benyamini. Ila amsimulie pia jinsi Mungu alivyowavusha. Na sisi sote tuwakanye watoto wetu wasimcheke mwenzao kwa jina lake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani
1. Watoto wetu waliozaliwa huku tuliwapa majina gani, na kwa sababu gani?
2. Tumewasimulia taabu tu, au na msaada wa Mungu pia?

Bwana awabariki.