Usaili Umekuvunja Moyo? Tujifunze kwa Nabii Yusuf (a.s.)



Ndugu zangu wanafunzi, mwezi uliopita dada yangu, muuguzi mwenye miaka 11 ya kazi wodini, alirudi nyumbani akiwa kimya. Alikuwa ametoka kwenye usaili katika hospitali moja hapa Kampala. Msaili mmoja alitazama karatasi zake akasema, "Miaka yote hii, na bado una cheti tu, hata diploma huna?" Walipomuuliza amefanya nini katika miaka hiyo, alijibu, "Ni kazi ya kawaida tu, nilikuwa nasaidia." Wakamshukuru, akatoka.

Nikamuuliza, "Dada, mbona hukuwaeleza usiku ule ulipobaki peke yako na wodi nzima ya watoto?" Akasema, "Mdogo wangu, muumini hajisifu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Wengi wetu tunachanganya unyenyekevu na kuficha amana.

Somo la kwanza: kueleza ujuzi wako si kujisifu. Katika Surat Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) yuko mbele ya mfalme. Ametoka gerezani alikofungwa bila kosa, na mfungwa mwenzake aliyetangulia kutoka alimsahau. Hata hivyo, aliomba mwenyewe kazi ya kusimamia hazina za nchi, akataja sifa mbili: ni mtunzaji, na ni mjuzi. Hakutaja nasaba yake wala uzuri wake. Alitaja kile ambacho kazi ile ilikihitaji. Naye ndiye aliyewaambia wenzake gerezani kuwa elimu yake ameipata kwa Mola wake. Basi kumshukuru Allah na kusema "kazi hii naijua" vinakwenda pamoja.

Somo la pili: taja vitendo. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa (a.s.) alipata ajira kwa sababu binti aliona kazi yake kisimani, akamwambia baba yake kuwa mtu huyu ana nguvu na ni mwaminifu. Msaili hakuwepo kisimani kwako. Mweleze: mgonjwa alikuwa na hali gani, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Usitaje jina la mgonjwa, kwani siri yake ni amana. Ukiambiwa "cheti tu", jibu kwa utulivu: "Ndiyo, ni cheti. Na hivi ndivyo nilivyokitumia kwa miaka 11."

Somo la tatu: maumivu yapeleke kwa Allah kwanza. Kabla ya ajira ile, Musa alikaa kivulini, mgeni asiye na kitu, akamweleza Mola wake uhitaji wake. Msaili hashiki riziki yako. Lakini ukishaomba, inuka: uliza ulipungukiwa wapi, na kama ni diploma, anza kuipanga.

Jumamosi iliyopita nilikaa na dada yangu mezani, tukaandika matukio matano ya kazi yake. Katika tukio la tatu alisimama, akasema, "Kumbe nilifanya haya yote?" Ameomba kazi kwingine, majibu bado. Safari hii, inshaallah, wakimuuliza atasema.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atupe riziki ya halali na ndimi zenye kusema kweli. Wabillahi tawfiq.