Sindano ya Mgongo: Uliza Kabla ya Kudungwa

Mtu aliyeumwa na mgongo kwa miezi kadhaa hukubali tiba yoyote. Basi akimsikia jirani akisema, "Mimi nilidungwa sindano moja tu mgongoni, nikapona," kesho yake yuko kliniki akiitaka sindano hiyo hiyo. Huenda jirani alisema kweli. Lakini hii si sawa na sindano unayodungwa kwenye tako, na ni vyema uijue tofauti kabla hujalala kifudifudi.

Dawa yenyewe ni steroidi, ambayo hupunguza uvimbe. Daktari huipenyeza katikati ya pingili za mgongo, karibu na neva. Humsaidia zaidi mgonjwa ambaye neva yake imebanwa na maumivu yakateremka hadi mguuni, na nafuu hiyo mara nyingi ni ya majuma machache tu. Kwa mgongo wa kawaida unaouma kwa kubeba mizigo au kuinama shambani, sioni faida yake.

Hatari kubwa inatokana na mahali sindano inapoingia. Steroidi kama methiliprednisoloni na triamsinoloni zina punje ndogo sana, mfano wa unga uliokorogwa majini. Ndiyo maana chupa hutikiswa kwanza. Punje hizo zikiingia katika mshipa wa damu unaolisha neva za uti wa mgongo, huuziba, na sehemu iliyokosa damu hufa kwa muda mfupi. Mgonjwa aliyeingia akitembea anaweza kutoka amepooza. Shingoni ni hatari zaidi, kwa kuwa mishipa ya huko huelekea kwenye ubongo. Deksamethasoni haina punje hizo, na kwa sindano za shingo ndiyo inayopendekezwa.

Madhara haya ni nadra, lakini yametokea. Mwezi wa Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba steroidi zinazodungwa kandokando ya uti wa mgongo zinaweza kuleta upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo. Kenalog, ambayo ni triamsinoloni, ina maandishi yanayokataza isitumiwe hapo.

Uchafu nao ni hatari. Mwaka wa 2012, huko huko Marekani, methiliprednisoloni iliyotengenezwa na New England Compounding Center ilikuwa imeingiwa na kuvu. Wagonjwa zaidi ya 700 waliambukizwa, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walikufa. Kwa wengi, dalili zilianza majuma kadhaa baada ya sindano.

Hapa kwetu nina wasiwasi mwingine. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Steroidi hutuliza maumivu kwa muda huku ugonjwa ukiendelea kula mfupa. Pigwa picha kwanza.

Pia mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata zile unazozionea haya. Dawa za Ukimwi zenye ritonaviri huzuia mwili kuivunja triamsinoloni, ikakaa kwa majuma mengi, uso ukavimba na mwili ukashindwa kutengeneza homoni zake. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa. Anayetumia warfarini anaweza kuvujia damu ndani, ikakandamiza neva.

Muulize daktari: ni dawa gani? Utaiongoza sindano kwa eksirei, au utakisia kwa kidole? Umezifanya ngapi? Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya. Akikasirika, vaa shati lako uende.

Na ukishadungwa, jichunguze kwa majuma kadhaa. Kichwa kinachouma unapoketi na kutulia unapolala huenda kinatokana na maji ya uti wa mgongo kuvuja, mrudie daktari. Lakini ukipata homa, shingo ikikakamaa, miguu ikilegea, ukifa ganzi kati ya mapaja au ukishindwa kukojoa, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo, ukiwa na jina la dawa uliyodungwa limeandikwa kwenye karatasi.